Pipa la Bluu Tu

Siku wanawe walipokuja kumwambia ahame, Bi Kipimo aliwamiminia chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitafikiria."

Meneja akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Huyu ndiye mwanawe mkubwa. Meneja ni jina alilobandikwa na wadogo zake tangu utotoni, kwa kuwa hata mchezo wa kujificha alikuwa anaupangia ratiba. Sasa ana ofisi, anapanga safari za malori hamsini, na hakuna lori linalombishia. Dada yake, kitinda mimba wa Bi Kipimo, muuguzi, alimtupia mama yake jicho, akainama na kukoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Yeye hakuwa ameisahau lugha ya nyumba ile. Marehemu baba yao aliwaonya mara nyingi: mama yenu akisema nitafikiria, msijichoshe, keshakataa. Lakini Meneja alikuwa na miaka ishirini tangu ahamie kwake. Alisikia nitafikiria, akaelewa nitafikiria.

Chanzo cha kikao kilikuwa kidogo. Bi Kipimo alikosa kidato cha mwisho cha mlango wa nyuma, akaanguka, akateguka kifundo cha mguu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, mjane wa miaka miwili, na jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu wa mtoto wa jicho. Basi Meneja akapaka rangi chumba cha nyuma nyumbani kwake, akaweka kitanda kipya na mapazia yenye maua, akaamua kwamba nyumba ya mama itapangishwa. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, ila mwenyewe kuulizwa.

Bi Kipimo ni jina la mtaani. Miaka thelathini na mmoja aliifanyia kazi idara ya maji, akipita bomba hadi bomba na kisanduku cha vichupa, akipima dawa ya kuua vijidudu. Yaani kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kinachoishi ndani ya maji. Aliifanya vizuri, wakamuaga kwa soda na saa ya ukutani. Miaka yote hiyo alikuwa na hamu moja ambayo aliyeijua ni mumewe peke yake: siku moja atengeneze maji yenye uhai. Si bakuli la samaki mmoja anayezunguka kama mlinzi. Alitaka kipande cha bahari, chenye mawe na matumbawe na viumbe vyake, sebuleni kwake, katika mji ambao bahari yenyewe iko safari ya siku mbili.

Wiki moja baada ya kikao alimwita fundi vioo.

"Mita mbili urefu, sentimita sitini upana, sitini kwenda juu," alimwambia. "Kioo cha milimita kumi na tano."

Fundi akapiga hesabu kwa midomo. "Mama, hizo ni lita mia saba. Ukiongeza mawe na mchanga, karibu tani nzima. Likishajaa, halitoki hapa tena."

"Ndiyo maana nalitaka."

Fundi wa kuchomelea akaleta fremu ya chuma, akaiweka mkabala na dirisha, akatoa pimamaji yake kuangalia kama imekaa sawa. Bi Kipimo akamwambia airudishe mfukoni kwanza, mpimamaji wa nyumba hii anajulikana. Wakacheka, lakini pimamaji ilipowekwa ilionyesha mguu mmoja uko juu kidogo, na fremu ikarudi karakana. Tani moja ya maji haiwekwi juu ya kitu kilichopinda kwa sababu fundi ana haraka.

Tangi likaja, likajazwa maji ya bomba siku saba kuangalia kama linavuja, halikuvuja, likamwagwa. Ndipo kazi yenyewe ikaanza. Bi Kipimo alifunga chujio jikoni la kuondoa dawa ile ile aliyoipima kwenye maji ya watu maisha yake yote. Akanunua mapipa mawili. La bluu lilikuwa la maji matupu yaliyochujwa. Jeupe lilikuwa la maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu, inayokuja kwenye ndoo kutoka duka la samaki wa mapambo. Jirani mmoja, kwa moyo safi, alimletea pakiti mbili za chumvi ya mezani. Alishukuru, akazipeleka jikoni.

Maji yakaingia, mchanga mweupe ukaingia, mawe yakapangwa yakaacha mapango na vichochoro. Pampu zikaanza kuunguruma. Halafu Bi Kipimo akatumbukiza kipande cha kamba mbichi, kamba wa baharini, kikaoze humo, akavuta kiti akakaa.

Wasiojua walishika vichwa. Wanaojua wanaelewa kwamba tangi jipya ni maji mabichi. Lazima kitu kioze, uchafu wake uzalishe vijidudu vya kuula, vijidudu viote kwenye mawe, na hapo tu ndipo samaki anaweza kuishi. Inachukua wiki sita, pengine zaidi. Kila asubuhi Bi Kipimo alitoa vichupa vyake, akadondoshea dawa, akalinganisha rangi, akaandika kwenye daftari. Vijidudu alivyoviua miaka thelathini na mmoja, sasa alikuwa anavibembeleza.

Wiki ya nne Meneja akaja. Akamkuta mama yake amekaa mbele ya mawe na mabaki ya kamba aliyeoza.

"Mama, samaki wako wapi?"

"Maji hayajaiva."

"Maji yanaiva?"

"Yanaiva. Kaa chini nikueleze."

Hakukaa. Alikwenda nje akapiga simu kwa shangazi zake, na huko, kwa kweli, alitia chumvi. Habari ilipozunguka ikamrudia mwenyewe, Bi Kipimo alikuwa anapika maji siku nzima na kuongea na mawe. Wifi yake mmoja alipiga simu, akamsemesha polepole na kwa sauti kubwa, kama anavyosemeshwa mgeni asiyejua lugha.

Iliuma. Hakuna haja ya kuipamba, iliuma. Kuanguka hakukumtisha, wala jicho. Alichoogopa ni kuwekwa kwenye lile kundi la watu ambao maneno yao yanasikika lakini hayahesabiki. Mtu akishawekwa humo, hata akisema anasikia baridi, watu wanatazamana kwanza kabla ya kumletea shuka. Na juu ya hayo, Meneja alileta habari kwamba mpangaji amepatikana, ataingia baada ya miezi miwili.

"Nani alikubali?" Bi Kipimo akauliza.

"Si ulisema utafikiria?"

Alimtazama mwanawe, yule yule aliyemnyonyesha na kumfundisha kusema. "Mpangaji nitamtafuta mwenyewe," akasema.

Na alimtafuta. Vipimo vilipotulia, rangi ya vichupa ikawa ile aliyoingojea, alikwenda dukani akarudi na kaa mdogo anayeishi ndani ya gamba la konokono aliyekufa. Muuguzi alipopita baada ya kazi, akauliza huyo nani.

"Mpangaji," Bi Kipimo akasema. "Nyumba hii haipokei mwingine." Muuguzi alicheka mpaka akakaa sakafuni na sare yake nyeupe.

Wakafuata konokono wa kula ukungu wa kioo. Wakafuata samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wagomvi, waliochagua kona yao siku ya kwanza na kumfukuza kila aliyepita. Mwisho yakaja matumbawe laini, mafungu matano, kila moja limegandishwa kwenye jiwe lake kwa gundi. Asubuhi taa ikiwaka yalikunjua vidole vyake kimoja kimoja, na Bi Kipimo alichelewesha chai kwa ajili hiyo.

Kisha hospitali ikampa tarehe ya upasuaji wa jicho. Daktari alisema asiiname wala kubeba kitu kwa muda, kwa hiyo siku kumi za mwanzo akae na watu. Muuguzi alikuwa na zamu za usiku. Kikabaki chumba cha nyuma chenye mapazia ya maua, na Meneja mwenyewe akajitolea kupita kwa mama kila jioni kuangalia tangi.

Bi Kipimo alichora mstari kwenye kioo cha tangi, akabandika na karatasi, kwa herufi kubwa: MAJI YAKISHUKA CHINI YA MSTARI, ONGEZA. PIPA LA BLUU TU. Neno la mwisho akalipigia mistari miwili.

Kwa Meneja alitendewa vizuri, hilo lisemwe. Mkwe wake alimwandalia kila kitu kabla hajakitamani. Sukari ilitiwa kwenye chai yake akiwa bado hajafika mezani, na televisheni iliwekwa kwenye kipindi ambacho mtu fulani aliona kinamfaa. Alikaa na jicho lake lenye kitambaa akajua, bila chembe ya shaka, kwamba akiishi humo mwaka mmoja atanyamaza kabisa.

Siku ya kumi na moja alirudi kwake, Meneja nyuma yake na begi. Jicho lilikuwa jipya. Aliona vumbi juu ya kabati, aliona ufa mdogo ukutani ambao hakuwahi kuujua. Akaona tangi. Matumbawe yote matano yalikuwa yamejikunja yakawa vibonge. Konokono wawili walilala chali mchangani. Samaki walikuwa karibu na uso wa maji, wakihema haraka haraka.

"Ndivyo yalivyo tangu juzi," Meneja akasema kwa upole. "Mama, usijilaumu. Uliandika vibaya."

"Niliandika nini?"

"Pipa la bluu. Nilionja, halina chumvi kabisa. Nikajua umechanganya rangi. Nikawa naongeza kutoka jeupe, na chumvi nyingine kidogo kwa mkono, kufidia."

 Bi Kipimo alifungua droo, akatoa kipima chumvi, kijibomba unachokichungulia kuelekea mwangani. Akadondoshea tone moja, akampa mwanawe. "Soma."

"Arobaini na moja."

"Inatakiwa thelathini na tano. Sasa niambie. Maji yakishuka kwenye tangi, yamekwenda wapi?"

"Yamekauka. Yamekwenda hewani."

"Na chumvi imekwenda nayo?"

 Meneja akautazama mstari kwenye kioo, akayatazama mapipa mawili, akakaa kwenye kile kiti ambacho hakuwahi kukikalia. "Imebaki," akasema.

"Imebaki. Kwa hiyo kinachorudishwa ni maji matupu. Ndiyo maana ya bluu. Ndiyo maana ya tu." Akakichukua kipima chumvi mkononi mwake. "Umetia chumvi, mwanangu. Kwanza ulitia kwa shangazi zako, nikanyamaza. Sasa umetia humu. Na hukukosea kwa kutojua, kutojua si kosa. Ulisoma mwandiko wangu, ukaona ni rahisi zaidi mimi kupungukiwa akili kuliko wewe kupiga simu kuuliza."

Meneja, mtu wa malori hamsini, alilengwalengwa na machozi. Akayafuta kwa mkono wa shati. "Tumwage yote, tuweke mapya?"

"Ukitaka kuwamaliza, ndiyo. Chumvi ilipanda polepole, itashuka polepole. Ndoo moja ya lita ishirini inatoka kila siku, moja inaingia, siku tano. Mimi nimekatazwa kubeba."

Basi siku tano Meneja alikuja akitoka kazini, akavua viatu, akakunja suruali. Siku ya kwanza alimwaga maji sakafuni akayadeki mwenyewe. Siku ya pili, mkono ukiwa juu ya bomba la pipa, alisimama akauliza, "La bluu?" na mama akaitikia kwa kichwa. Siku ya tatu alipewa vichupa na daftari, akaelezwa maana ya kuiva, neno kwa neno, na safari hii alikuwa amekaa. Akapindua kurasa nyuma, wiki baada ya wiki za tarakimu zilizonyooka kwa mwandiko wa mama yake, hakuna iliyorukwa hata siku moja. Alizisoma muda mrefu.

Siku ya tano kipima chumvi kilisoma thelathini na tano na nusu. Wale konokono wawili walikuwa wamekwisha kutolewa, hawakupona, na fungu moja la matumbawe lilibaki bonge. Lakini manne yalikuwa yamefunguka, vidole vyote, yakiyumba na mkondo wa pampu, na samaki wa chungwa walikuwa kwenye kona yao wakimfukuza kaa.

Meneja alijifuta mikono kwa taulo. Alikuwa na jambo, na mama yake alijua ni lipi.

"Mama, yule mpangaji anaingia Jumatatu. Ameshafunga mizigo, anangoja jibu langu. Nimwambie nini?"

Bi Kipimo alikuwa ameinama kidogo mbele ya kioo, kwa tahadhari ya jicho, akimhesabia kaa hatua zake. Hakugeuka.

"Mwambie nitafikiria."

Meneja alisimama na taulo yake. Kisha akacheka, kicheko cha chini kilichofanana mno na cha marehemu baba yake, akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akangoja.

"Samahani sana, ndugu yangu," akasema. "Mama amekataa."