Shangazi na Bastola Asiyoitaka

Kwenye chuo cha polisi tulimwita Shangazi, ingawa kwa umri nusu yetu tulimzidi. Jina lilimstahili. Ukivaa shati lenye makunyanzi alikusema, ukikohoa alikutafutia maji ya moto, na ukimjibu ovyo, ole wako! Alikuwa ameomba uaskari mara tatu kabla ya kupokewa, hadi nyumbani kwao wakachoka kumsindikiza.

Sasa mtu kama huyo, siku mkufunzi mkuu alipotuuliza makuruta nani hataki kubeba silaha kazini, si akanyoosha mkono! Peke yake! Sisi wengine tulikuwa tunaiota hiyo bastola kiunoni kama bibi harusi na pete. Na usidhani aliogopa mlio. Kwenye shabaha alitugaragaza wote, wanaume kwa wanawake.

"Afande," alisema, "mtu akiona bastola anaongea na bastola. Mimi nataka aongee na mimi."

Ukumbi mzima ukacheka. Mkufunzi hakucheka. Alimwambia ataenda mafunzo ya vitendo mitaani na kirungu tu, na akishindwa kumudu, afungashe virago arudi kwao. Tulipotoka nikamwambia, "Shangazi, jirudi bwana, usije ukaikosa kazi hivi hivi." Akanitazama kama vile nimemtukania mama yake.

Tukapangwa pamoja, mimi na bastola yangu, yeye na mdomo wake. Haikupita muda tukaitwa kwenye nyumba ya kupanga, ghorofani. Baba mmoja, kalewa chakari, kakaa juu ya ukuta wa baraza na mwanawe mchanga mapajani, anatishia kujitupa naye kwa kuwa mkewe kamkimbia. Majirani wamejazana, kila mtu anasukuma aone. Nikafanya tulivyofundishwa: ukisongwa na watu, shika bastola yako isije ikanyakuliwa. Yule baba akauona mkono wangu.

"Piga basi!" akafoka. "Nipige risasi!"

Shangazi akasema kutoka nyuma yangu. "Kaka, huyo mtoto kalowa. Nani anakaa na mtoto kalowa kwenye upepo?"

Jamani, alimsema kama alivyotusema sisi! Yule baba akainama kumwangalia mtoto, akaanza kulia, akayumba, na mtoto akamponyoka. Nilikuwa hatua moja tu kutoka kwao. Shangazi akaruka kunipita, mkono mmoja kamdaka mtoto kwa nguo, mwingine kamkamata baba ukosi, akawavuta wote wawili ndani.

Jioni mkufunzi akatuita ofisini. Akaanza na mimi.

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Mbona hukumdaka?"

"Mkono ulikuwa umeshika bastola, afande."

"Na huo mwingine?"

"Ulikuwa unasukuma watu, afande. Wasiisogelee."

Akamgeukia Shangazi, akamwambia aende akale, kesho ana zamu ya asubuhi.

Siku hizi wenzangu wakipangwa doria huuliza kwanza wamepewa silaha gani. Mimi huuliza kama Shangazi yupo.