Mashine ya Buchani na Lango la Timau

Chumba ninachorekodia watu hapa Kiambere kilikuwa bucha yangu. Kulabu bado ziko darini, sikuzing'oa, ila siku hizi zinaning'iniza maikrofoni badala ya mapaja ya mbuzi. Aliyenigeuza hivyo ni binti yangu. Alisomea kompyuta, akaniletea mashine iliyokwisha kutumiwa na wengine, akagongomea magodoro ukutani ili sauti isirukeruke, akanionyesha pa kubonyeza, kisha akaolewa Meru akaniacha nayo. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na shule haikulia. Lakini kubonyeza hakutaki cheti. Kwaya zikaja, wahubiri wakaja, hata muuza dawa ya panya alikuja kurekodi tangazo lake la sokoni, akakohoa katikati, na mpaka leo analipiga na kikohozi chake ndani. Anasema wateja wamelizoea.

Nilitaka kusimulia habari za dada yangu.

Dada yangu ana mjukuu aliyebeba jina la marehemu mumewe, kama desturi yetu ilivyo. Kwa hiyo tangu mtoto yule akinyonya, dada humwita "mume wangu," na yeye alipoota ndevu akawa anaingia jikoni kwa bibi yake akiuliza, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Basi huyo mume akapata mchumba Timau, msichana wa huko huko, afanyaye kazi kwenye shamba la maua. Dada aliposikia alipiga makofi. "Naletewa mke mwenza! Atanisaidia kuchambua ndengu."

Sasa, kwetu hatuingii kwa wakwe kimya kama wezi. Wanawake wa upande wa mvulana husimama nje ya lango wakiimba kuomba kufunguliwa, na wa ndani huwajibu kwa vijembe. Lango halifunguliwi mpaka wa ndani waishiwe maneno. Anayetuimbisha sisi ni dada yangu. Hakuna mwingine anayemfikia. Lakini nyonga yake imekufa, daktari amemkataza safari, na baridi ya Timau ni ile inayokuingia mfupani kabla hujashuka garini.

Dada akaja buchani, samahani, studio, na mkongojo wake.

"Mwana wa mama," akaniambia, "mimi siendi, lakini sauti yangu lazima iende. Mke mwenza ambaye hakuitwa na mimi si wangu, ni wa hao watakaomwita."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Mdomo wangu huu!

Tuliwarekodi kwanza wenzake wanaoitikia, kisha nikamvisha dada hedifoni aimbe juu ya sauti zao. Mashine ikazeeka mbele ya macho yangu. Ilikuwa ikirudisha sauti yake masikioni kwa kuchelewa. Dada anaimba, na punde kidogo anasikia mtu akisema maneno yale yale. Yeye ni mwimbishaji wa miaka mingi; adabu yake ni kwamba mwenzako akiitika, unamngoja amalize. Akangoja. Akaimba mstari wa pili polepole, sauti nayo ikaja nyuma, akangoja tena. Wimbo ukawa unatembea kama kinyonga anayevuka barabara.

"Mwambie huyo mwanamke wa humo ndani anyamaze au atangulie!" akafoka. "Ananiiga!"

"Dada, ni wewe huyo."

"Mimi siko nyuma yangu."

Nikafungua maikrofoni mbili ili wenzake waitikie palepale, mashine ikaganda, picha haiendi mbele wala nyuma. Dada akavua hedifoni akaziweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ambayo haikumshibisha. Akasema atarudi mara moja tu zaidi. Ikishindikana, watu waende Timau bila yeye, waimbishwe na jirani yake ambaye, ninakwambia ukweli, anaimba kama mlango wa zizi.

Nikaing'oa mashine, nikaifunga kwa leso ya mke wangu kama mtoto mgonjwa, nikampelekea binti yangu. Ana kibanda cha kutengeneza kompyuta huko Meru, kwenye soko la Gakoromone, karibu na wauza ndizi. Alifungua ubavu wa mashine akacheka hadi wauza ndizi wakageuka.

"Baba, hii umekuwa ukiilisha nini?"

Ndani kulikuwa na vumbi letu jekundu la Kiambere, maganda ya mayai ya mjusi, na feni imegandwa na kitu cheusi. Nikakinusa. Mafuta ya ng'ombe! Mafuta ya miaka yote ile ya bucha yalikuwa bado ukutani, nyuma ya magodoro, na mashine ilikuwa ikiyavuta kila siku. Nikamwambia binti yangu mashine imepata kitambi. Akasema hata mwenyewe anacho.

Akaisugua kwa brashi na spiriti. Kisha akachomoa vipande viwili vya memori, akanionyesha vipya vikubwa zaidi. "Hii, Baba, ni meza ya kukatia. Wewe ulikuwa na meza ya kukatia kuku, halafu unaletewa fahali." Hapo nikaelewa, maana mtu ukimwambia kwa kazi yake anaelewa. Diski ya zamani, ile ya kuzunguka na kukwaruza, akaitoa, akaweka mpya nyembamba kama biskuti. Niliipima mkononi nikaona uzito hakuna. Nikamuuliza kama wamesahau kuweka kitu ndani. Akaninyang'anya.

Alipoiwasha, nilikuwa nimeshageuka kwenda kutafuta chai, kwa mazoea. Zamani niliiwasha, nikanywa chai, nikarudi nikaikuta bado inapiga miayo. "Baba, unakwenda wapi? Imeshawaka." Nikarudi mbio. Imewaka! Nikamwambia azime awashe tena. Akazima akawasha. Nikamwita mmoja wa wauza ndizi aje aone. Alikuja, akatazama, akasema hongera kama mtu aliyeitwa kuona mtoto wa jirani.

Mwisho binti yangu aliingia kwenye programu akateremsha namba moja, ile inayoamua mashine ingoje kiasi gani kabla ya kurudisha sauti. Zamani haikuweza kuteremshwa, mashine ingekata roho.

Nilipofika nyumbani nikafua magodoro na kukwangua ukuta kwanza. Halafu nikamwita dada. Akavaa hedifoni uso ukiwa umekunjamana, tayari kwa vita. Akaimba mstari mmoja. Akatazama kona hii na ile.

"Yule mwanamke amekwenda wapi?"

"Amehama."

Jamani, aliimba! Maikrofoni zote wazi, wenzake wakiitikia palepale, na mashine imetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Nilipodhani amemaliza akasema, "Bado. Wale wa ndani wana midomo. Nitajibu kila watakalosema." Akarekodi majibu ya kijembe cha mbuzi, cha umbali, cha umaskini, cha joto la kwetu. Binti yangu alikuja, wakajifungia na dada studio kidogo bila mimi, kisha akayatia yote kwenye simu yangu, na kwa kuwa macho yangu na herufi hayapatani, kila jibu akaliwekea picha: mbuzi, barabara, jua.

Siku ya Timau nilisimama langoni nimejifunika blanketi juu ya koti, simu mkononi, spika kubwa kando yangu. Dada alikuwa kwenye simu ya mjukuu wake, akisikiliza kutoka nyumbani. Wakatuuliza mbuzi wako wapi, nikabonyeza mbuzi. Wakacheka, wakajibu. Wakasema sisi wa nchi ya jua tutagandishwa na baridi, nikabonyeza jua. Halafu mwimbishaji wao, mama mnene mwenye sauti ya radi, akainua mkono.

"Hatumfungulii spika! Spika haili, haibebi mtoto mgongoni. Bibi mwenyewe yuko wapi?"

Wetu wakanigeukia. Hata yule jirani wa mlango wa zizi alinigeukia. Nikapekua simu kwa vidole vilivyokufa baridi, nikaona picha ambayo sikujua ni ya nini: mkongojo. Nikabonyeza.

Sauti ya dada ikatoka, imetulia: "Mguu wangu umebaki nyumbani kumtandikia mke mwenza kitanda. Sauti haina nyonga, imefika kabla yangu. Nifungulieni, mikono yangu imejaa."

Yule mama akashusha mkono. Akawatazama wenzake. Kisha akacheka cheko kubwa, akashika komeo mwenyewe.

Vigelegele vilipopungua, mjukuu akanipa simu yake. Dada alikuwa anapiga kelele humo simuni.

"Wamefungua? Mwana wa mama, wamefungua?"

"Wamefungua!"

"Basi nipe mke mwenza wangu," akasema. "Nataka kumuuliza anakula nini asubuhi."