Watoto wa Watu Hawahesabiwi

Kila alipoingia chumbani, Mama Severa alijitambulisha kwa bintiye. "Ni mimi, mama yako," alisema, hata kama ametoka kuchota maji tu bombani. Hakuacha kufanya hivyo muda wote niliomjua, maana Severa, mtoto wa miaka tisa, hakuzitambua nyuso za watu, hata ule wa mama yake. Alisubiri sauti.

Jina hasa la mama huyo lilikuwa Clotilda. Alitoka Rombo, akauza vitunguu sokoni Kariakoo, nasi tulikuwa wapangaji wa nyumba moja Mtaa wa Sikukuu, mimi nikifundisha shule ya msingi ya jirani. Baba wa mtoto sikuwahi kusikia akitajwa.

Sokoni walimpenda Severa kwa namna yao. "Severa, mia tatu tisini na moja!" alipiga kelele Kasmir, wa meza ya pili.

"Kumi na saba mara ishirini na tatu," mtoto alijibu papo hapo, macho kwenye magunia.

"Kameza mashine huyu!"

Mama yake hakucheka. Mtoto huyohuyo hakuweza kufunga vifungo vya gauni lake, na akiguswa ghafla alipiga mayowe mpaka watu wakajaa.

Nikawapeleka kwa Daktari Pius, aliyesoma na kaka yangu. Alikaa na Severa asubuhi nzima, akimwonyesha namba na picha za watu, kisha akatuambia kwamba vitabuni hali hiyo inaitwa otizimu.

"Wengi wao hawana kipaji hiki," alisema. "Kwa nini huyu anacho, hakuna anayejua. Mimi nakisia tu. Ile sehemu ya ubongo tunayoitumia sisi kutambua nyuso, huenda kwake inatumika kwa namba. Anaijua namba kama wewe unavyoijua sura ya ndugu yako."

"Kwa hiyo namba zimepanga chumba cha nyuso," alisema Mama Severa.

"Tuseme hivyo."

"Na mimi mama yake nalala barazani."

Daktari akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Jioni watoto wa nyumba yetu walikula uani, sinia moja. Severa alisimama mlangoni, akawatazama, akatangaza: "Kumi na moja. Haigawanyiki." Ilikuwa furaha yake ya siku. Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba, alimkemea. "Weye mtoto! Watoto wa watu hawahesabiwi. Unawaitia nini?" Wengi pale waliamini kwamba watoto wakihesabiwa kwa sauti, kifo kinasikia. Mama Severa alimvuta ndani, akaomba radhi, na kesho yake ikawa vilevile.

Mwaka ule kipindupindu kiliingia mjini. Kitwana, mtoto wa Nassibu wa chumba cha mbele, aliamka akiumwa, na magharibi haikumkuta. Alikuwa na miaka miwili. Mama Severa alipika matangani na wanawake wenzake, Severa akiwa amefungiwa chumbani. Matanga yalipokwisha watoto wakarudi kwenye sinia lao, na siku hiyo mlango haukufungwa.

"Kumi," alisema Severa, kwa furaha ileile. "Sasa inagawanyika."

Mama Kitwana aliweka chini kata ya maji, akaingia ndani.

Mama Severa alieleza yote palepale: ubongo, nyuso, namba, maneno ya daktari. Nikamsaidia. Nassibu alisikiliza mpaka mwisho.

"Sijasema daktari muongo," alisema. "Ubongo ni wake. Mtoto alikuwa wangu."

Bi Mwanamkuu alimshika mkono. "Clotilda mwanangu, wewe sikufukuzi. Mpeleke kwa bibi yake Rombo, wewe ubaki. Hapa watamdhuru."

Sikuuona ushauri huo kuwa mbaya. Mama Severa hakwenda sokoni siku mbili. Ya tatu nilimkuta akifunga godoro kwa kamba, mkokoteni ukisubiri nje. Severa alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akisema namba zake.

"Anakwenda Rombo?" niliuliza.

"Tunakwenda Magomeni. Sote wawili."

"Na mwenye nyumba wa huko, umemwambia?"

Alikaza fundo kwanza.

"Nimemwambia mwanangu ni bubu. Sasa kazi niliyonayo, Mwalimu, ni kumfundisha kunyamaza."