Sahani Iliyorudi Tupu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kwa jirani, kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, nilijua kwamba sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ukiletewa vitumbua, utarudisha hata limau moja. Nilijua pia, kwa sababu Bibi alitukariria hilo kila siku, kwamba anayesifu uzuri wa mtu bila kusema mashallah ameacha jicho lake pale pale, na jicho hilo halilali.

Bibi ndiye aliyetulea mimi na dada yangu Shamila baada ya mama kufariki. Shamila alipoposwa na kijana wa mtaa wa Kibenga, wa ukoo wa Kiarabu wenye maduka, Bibi alimweka ndani kama ilivyo desturi. Kila baada ya alasiri alipasha moto mafuta ya nazi, akayasomea sura za Falaq na Nas, akayapulizia, kisha akampaka uso mzima mpaka ukang'aa. Chupa ya mafuta hayo ilikuwa imesafiri kutoka pwani hadi Kigoma, ikavuka ziwa mpaka kwetu, na Bibi aliilinda kuliko dhahabu yake. Wanawake wote wa ukoo wetu walikwenda kwa waume zao wakinukia nazi.

"Uso wa bibi harusi ni maziwa," alituonya. "Jicho likiangukia, yanakatika."

Basi siku moja akaingia Mama Sauda, jirani yetu wa ukuta mmoja, na sahani yake ya bati yenye maua. Aliingia bila kubisha, kama alivyoingia miaka yote. Watu walikuwa wamedhani binti yake ndiye ataposwa na kijana yule wa Kibenga, na jambo hilo kila mtu alilijua ingawa hakuna aliyelisema. Shamila alikuwa amekaa bila mtandio. Mama Sauda akasimama, akamtazama, akatabasamu.

"We Shamila, uso umewaka kweli."

Nilimwona Bibi akisubiri. Na mimi nikasubiri, midomo yangu ikilitamka lile neno kimyakimya ili kumsaidia. Mama Sauda akaweka vitumbua mezani, akaanza kulalamikia bei ya mchele. Neno halikuja.

Haikupita wiki, chunusi zikatoka. Zilianza kwenye paji, zikashuka mashavuni, nyekundu, zenye vichwa vya usaha. Na Ijumaa iliyofuata wanawake wa Kibenga walikuwa wanakuja kumfunua bibi harusi. Kwa watu wale, uso wenye ugonjwa ungetosha kuahirisha harusi, na harusi ikishaahirishwa, nani anairudia? Shamila alilia kwenye mto. Bibi akaanza kumpaka asubuhi na jioni, tabaka juu ya tabaka, huku akisoma. Joto la Bujumbura mnalijua. Uso ule ulikuwa unachemka chini ya mafuta, nasi tukaona jicho linafanya kazi yake. Wanawake waliokuja kutupa pole walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakautazama ukuta wa Mama Sauda.

Jumatano Bibi akanipa ile sahani yenye maua, imeoshwa, imekaushwa.

"Peleka."

Nikamwambia haina kitu ndani.

"Nimesema peleka."

Ni hatua chache tu kutoka mlango hadi mlango, lakini sijawahi kutembea njia ndefu kuliko ile. Mama Sauda alikuwa uani anachagua mchele. Aliipokea sahani, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Bibi yako ni mugonjwa?"

"Apana."

Akanitazama mpaka nikaona aibu. "Anasema ni mi?"

Nikaanza kurudi nyuma. Akaniambia nirudi kwetu, kwa upole ambao ulinitisha kuliko matusi.

Ijumaa ikafika. Wageni wakakaa, udi ukafukizwa, na mama mkwe akainua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Alimshika Shamila kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga. Bibi aliacha kupumua, nami nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa nimemwegemea. Madoa yalikuwepo, ndiyo, lakini uvimbe ulikuwa umelala na wekundu umekwisha.

"Mashallah," akasema mama mkwe, na Bibi akaangua kilio mbele ya wageni.

Tangu siku hiyo alimsimulia kila mtu kwamba jicho liliondoka saa ile ile sahani iliporudi tupu. Nani angembishia? Mimi mwenyewe niliipeleka. Mama Sauda, aliyepika pilau ya kila harusi ya mtaa, hakuitwa kupika ile. Baadaye akina mama wakaanza kuwavuta watoto wao anapopita, na yeye akaanza kutembea anatazama chini. Akikutana na mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, anasema mashallah, mashallah, kabla hajamwona. Bibi alifariki bila kuzungumza naye tena.

Mwaka jana uso wa binti yangu Nasra ukaharibika. Nilifanya nini? Nilinunua mafuta ya nazi, safi kabisa, nikampaka kama nilivyopakwa mimi. Chunusi zikazidi. Akaanza kukataa shule, akajifungia chumbani, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuwapitia majirani kichwani mmoja mmoja: nani amemtazama mtoto wangu?

Shamila alikuja kututembelea kutoka Kibenga. Akagusa shavu la Nasra, akanusa kidole.

"Nani alikuambia umupake nazi? Mutoto ana uso wa mafuta kama wangu. Nazi inakaa juu, inaziba, chini kunaoza."

Kisha akanieleza, bila kunitazama. Wiki ile ya harusi alikuwa amechoka na mafuta yale. Bibi akishampaka na kutoka, alipangusa yote kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Ngozi ilipomkaza, alichukua matone mawili ya alizeti kutoka jikoni, mafuta mepesi, akajipaka uso ukiwa bado na majimaji. Kabla ya Ijumaa ulikuwa umeanza kutulia.

"Na Mama Sauda?" nikamuuliza.

"Mafuta yale Bibi aliyasomea Kurani," akasema. "Ningemuambia Bibi nini?"

Nilikasirika, nikakaa siku nyingi bila kumpigia simu. Hata sasa hasira haijaisha yote. Lakini Bibi simchukii. Alikuwa na mikono miwili na chupa moja, na alimpaka mjukuu wake kila alichokuwa nacho, mpaka karibu amharibu.

Nasra tulimjaribisha alizeti kwanza chini ya taya, hakuwashwa, tukaendelea. Siku moja nikapika vitumbua, nikajaza sahani, nikamshika mkono tukaenda Buyenzi. Mama Sauda ni kikongwe sasa. Aliposikia sauti ya msichana mlangoni, aliinamisha kichwa, akaanza: mashallah, mashallah.

"Inua macho, mama," nikamwambia. "Mutazame."

Ilimchukua muda. Kisha akainua uso, akamtazama Nasra, paji, mashavu, madoa na yote, akamtazama mpaka akashiba. Midomo yake haikutikisika, na mimi sikulisubiri lile neno.