Kiti cha Mama Zawadi

Siamini bado. Jana tumemzika Claudine, na leo simu ikilia nadhani ni yeye ananigombeza.

Kuna jambo nililomficha tangu tulipofahamiana. Moyo wangu umechoka, na daktari amenishauri nisiahirishe mambo. Kwa hiyo naandika leo.

Kwa wasiomjua: Claudine alikuwa tester, mkaguzi wa kasoro, wa app ambayo wauza samaki wa hapa Gisenyi, Rwanda, wanaitumia kuagiza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kabla mitumbwi haijafika ufukweni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu niliyerudi kutoka Tanzania. Vijana wanaoitengeneza app waliniita niwasahihishie Kiswahili chake.

Jamani, binti yule alikuwa moto wa kuotea mbali!

Hakungoja app ikamilike ndipo aikague. Kila sprint, yaani kila awamu fupi ya kazi, alijaribu kipya, kisha akarudia vya zamani vyote. "Mwalimu, hawa wakishona hapa wanachana pale!"

Na demo, yaani kuonyesha toleo jipya, alifanyia sokoni, kwa mikono iliyolowa maji ya samaki. Wow!

Siku ya kwanza niliinua mkono. Nikasema kidole kikiwa na maji, oda inaenda mara mbili. Timu nzima ikainamisha vichwa: "Murakoze cyane, asante sana, Mwalimu." Toleo lililofuata, kasoro ileile! Hapa kwetu mzee habishiwi. Anashukuriwa, anapewa soda, basi.

Ndipo kwenye kisanduku cha maoni akatokea muuza samaki mmoja mkali, Mama Zawadi. "Mi niliagiza beseni moja, munaleta mbili! Muko na akili kweli?"

Claudine akamjibu palepale: "We mama, usinitukane! Ulibonyeza wapi?" Waligombana hadi adhuhuri. Jioni bug, kasoro ile, imekufa!

Toka hapo hakuna toleo lililotoka bila matusi ya Mama Zawadi.

"Sasa iko muzuri, lakini maandishi iko kama sisimizi!"

"Bon, vaa miwani, mama!"

Lakini herufi zilikuzwa. Zilipokuzwa, jumla ya kilo ikapotea kwenye kioo. Nani aliiona? Mama Zawadi! Claudine alirukaruka katikati ya mabeseni: "Huyu mama ananishinda kazi!"

Kwenye kila demo alimwekea kiti. "Leo atakuja, Mwalimu, utaona." Kiti kilibaki kitupu, nami nimekaa cha pembeni na soda yangu.

Jana msibani vijana wa timu walikiweka tena. Walikuwa wamemwandikia Mama Zawadi kisandukuni: "Mama, toleo jipya liko tayari, tunangoja neno lako." Hakujibu. Mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, kesho si tulitoe tu hivyo hivyo?"

Hapana! Msithubutu! Nimelijaribu asubuhi hii nikiwa kitandani. Ukifuta oda, ukifunga app na kuifungua, oda imerudi. Claudine angewakimbiza ufukwe mzima!

Rekebisheni, kisha mrudie vya zamani vyote, kama alivyowafundisha. Nami nikiondoka, mtafuteni mzee mwingine. Ila huyo mbishieni.

Claudine, mwanangu, ulipolazwa uliniuliza kama nimewahi kumwona Mama Zawadi. Nikakohoa, nikaomba maji. Niliogopa kwamba ukijua, utaanza kuniambia "murakoze", na ugomvi wetu utakwisha. Ule ugomvi ndio ulionitoa kitandani kila asubuhi.

Lala salama, mgomvi wangu.

Alikuja kila mara, tena mapema, akakaa kiti cha pembeni. Mama Zawadi ni mimi.