Mbegu Ndani ya Kizibo

Mtoto wa mkulima wa pamba haamini mizani. Nimezaliwa kijiji kimoja cha Bariadi, na kila msimu nilimwona baba akirudi kutoka kuuza pamba huku ananung'unika kwamba gunia lililomvunja mgongo njiani limekuwa jepesi ghafla mbele ya mnunuzi. Siku moja, nikiwa binti mdogo, niliinama kuchungulia chini ya mizani nione kama mnunuzi ameingiza mguu. Nilifukuzwa kama kuku. Tabia ya kuchungulia ndiyo haikufukuzika.

Tabia hiyo ilinifikisha kwenye maabara ya sumu, Dar es Salaam. Tulipokea damu, mkojo na vilivyotoka tumboni mwa marehemu kutoka hospitali za mikoani, tukawaambia polisi kama kuna sumu na ni ipi. Ilikuwa miaka ya soko huria. Dawa ya wadudu wa pamba, ambayo zamani chama cha ushirika kiligawa kwenye makopo yenye maandishi, sasa iliuzwa mnadani ikipimwa kwa chupa za soda, pembeni ya chumvi na mitumba. Mnunuzi hakujua ananunua nini, na sisi hatukujua tunatafuta nini. Tulipima sumu moja baada ya nyingine, kila moja kwa maji yake na rangi yake, na mara nyingi sampuli iliisha kabla ya maswali. Majokofu yalijaa, na nyuma ya kila kichupa kulikuwa na mtu mahabusu au familia isiyosemezana.

Kisha ikaja mashine. Vitabuni inaitwa spektrometa ya masi. Inaivunja kemikali vipande vipande, inapima uzito wa kila kipande, halafu inatafuta kwenye kumbukumbu zake, kama mtu anayetazama vigae akakwambia vilikuwa vya chungu gani. Niliposikia kwamba kumbe na yenyewe ni mizani nilicheka peke yangu. Lakini niliipenda, sitaficha. Hata chakula cha mchana nilikila nikiwa nimeikodolea macho.

Mkuu wetu wa maabara, mzee mpole asiyependa kuona kichupa kimelala, alitufundisha kuandaa sampuli mara moja tu kwa sumu nyingi, kuzipanga kwenye foleni, na kuiacha mashine izipime huku sisi tukiandaa zinazofuata. Kwa sampuli za ukanda wa pamba aliongeza njia ya mkato: mashine itafute dawa za pamba tu, isipoteze muda kwa mengine. Majokofu yakaanza kuwa na nafasi, na mzee akaanza kutembea huku anapiga mluzi.

Ndipo ukaja mzigo kutoka Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, Simiyu haijazaliwa. Bibi mmoja alikula ugali kwa mlenda uliopikwa na mke wa mwanawe mdogo, akalala, hakuamka. Mwana mkubwa, aliporudi kutoka safari na kukuta msiba, alimshika shemeji yake akampeleka polisi. Mwanamke alikuwa mahabusu na mtoto wake anayenyonya. Nilisoma maelezo yale nikaona kabisa jiko, sufuria na moshi wake, maana ni kwetu.

Mashine ikajibu kwamba dawa ya pamba ipo. Mstari kwenye karatasi ulipanda kilima kidogo, lakini ulipanda. Mkuu akachukua kalamu asaini.

"Mzee, mbona kidogo hivi?" nikauliza.

"Sumu ni sumu, binti. Polisi wameuliza ipo au haipo."

"Aliyekufa kwa dawa ya pamba, chupa yenyewe hunuka. Hii hainuki. Haraka haraka haina baraka, mzee."

"Na foleni je, ina baraka?" Lakini kalamu aliiweka chini. "Haya, nakupa mpaka kesho."

Nikatafuta jokofuni kitu kingine cha Bariadi. Nikapata sampuli ya dereva aliyekufa kwa ajali, ambaye polisi walitaka tumpime pombe tu. Nikaipitisha kwenye mashine. Kilima kilekile kikapanda. Mwenzangu mmoja, Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu, akacheka mpaka akashika meza.

"Hawa Wasukuma wako wanakorogea dawa ya pamba kwenye chai!"

"Ninyi mnakorogea uvivu, mbona hatuwapimi?" nikamjibu. Lakini macho yangu yalibaki kwenye karatasi. Dereva yule hakula ugali wa mwanamke yule.

Nikazirudia chupa zenyewe. Zote mbili zilikuwa na kifuniko, na chini ya kifuniko kizibo cha pamba. Nikakitoa kimoja kwa koleo, nikaanza kukifumua taratibu. Ndani nikagusa kitu kigumu. Ilikuwa mbegu.

Pamba ya hospitali haina mbegu. Hii ilikuwa imetoka nyumbani kwa mtu. Na nyumbani kwetu, baada ya kuvuna, pamba hulala ndani pamoja na watu. Sisi watoto tulilala juu ya lundo lake, na kwenye kona ilikaa chupa ya dawa pamoja na bomba la kupulizia, linalovuja. Miaka ile hospitali ziliishiwa kila kitu, mgonjwa aliambiwa aje na wembe wake. Mtu wa chumba cha maiti aliishiwa pamba, akaleta yake. Bariadi nzima nani angetoa hela kununua pamba dukani? Hata mimi nisingetoa.

Nilimkimbilia mkuu na mbegu kiganjani. Aliigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Usiniletee mbegu, niletee kipimo," akasema. "Tia maji safi kwenye chupa mpya, ziba kwa pamba hiyo, pindua, kisha upime maji."

Nikapima. Maji matupu yalipanda kilima. Mzee akavua miwani, akaenda mwenyewe kufungua ule mzigo wa bibi, akatoa kichupa kidogo cha damu chenye kizibo cha mpira, ambacho hatukukigusa kwa sababu chupa kubwa ilitosha. "Pima hiki. Na ile njia yangu ya mkato iondoe. Iulize mashine kila kitu."

Nilikaa mbele yake kama mtu anayesubiri uji uchemke. Dawa ya pamba haikuonekana hata chembe. Kisha mstari ukaanza kupanda, ukapanda, ukakaribia kutoka nje ya karatasi. Klorokwini. Vile vidonge vichungu vya malaria vilivyokuwa kila nyumba, kwa kiasi ambacho hakuna mganga anayekiandika.

Nilipiga kigelegele. Maabara nzima iligeuka.

"Sasa nani alimpa?" mkuu akauliza kwa sauti ndogo. Ripoti yetu iliishia kwenye jina la dawa. Aliisaini, ikaenda.

Nilipopata likizo nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mama uani anachagua pamba, nyeupe huku, chafu kule.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma, nikakaa kumsaidia. Baada ya habari za ng'ombe na mvua, nikauliza habari za yule mwanamke, kama mtu aliyesikia uvumi tu.

"Walimwachia," mama akasema. "Kumbe vidonge alivileta yule mwana mkubwa. Mama yake alikuwa na homa, na yeye anaondoka kwenda kumnunulia tajiri wake pamba huko Mwanhuzi. Akavipitia duka la dawa, akamwambia mama yake, meza vyote, nikirudi nikukute mzima, naye akavimeza vyote usiku ule. Polisi walipouliza habari ya vidonge, alisema mwenyewe, ni mimi."

"Wakamfunga?"

"Wamfunge kwa nini? Alikuwa anamtibu mama yake." Akatupa pamba chafu kule. "Siku ya kumtoa shemeji yake alikwenda yeye, na baiskeli. Akasimama pale nje, hawezi hata kuinua uso. Sisi tukajua yule mwanamke atamtemea mate."

Nilikuwa nimeacha kuchagua. Kwa miezi nilitaka kujua nani alimpa, na sasa nilijua, na ilinichoma. "Mwanamke akafanya nini, mayu?"

"Alimpa shemeji yake mtoto ambebe. Baiskeli akaikokota mwenyewe, wakaja hivyo mpaka nyumbani."