Mchemsha Maji wa Kanisa Letu

Kila Pasaka tunapooshana miguu, mzee mchemsha maji wa kanisa letu hapa Ohio huchovya kiwiko katika kila beseni, kama anayetaka kuogesha mtoto mchanga. Maji yakimridhisha husema tu, "Haya."

Mwaka huu wanaume walichagua wenzao wa kuoshana nao, Mchungaji Hershberger akabaki peke yake. Ndiye aliyetangaza madhabahuni kwamba mzee huyu hakujua kulea, binti wa mzee alipofungwa jela. Mzee akambebea beseni, akapiga magoti. Mchungaji akaficha miguu chini ya benchi.

"Mzee, nilikusema mbele ya watu."

"Basi nikuoshe mbele ya watu. Lete mguu, maji yanapoa."

Akamwosha hadi katikati ya vidole. Kisha mzee akaketi, akavua soksi zake, akamsogezea Mchungaji beseni.